Mchwa na Nyumba Chini ya Mlima Kenya

Mji wa Kerugoya umejengwa juu ya udongo mwekundu wa mteremko wa kusini wa Mlima Kenya, udongo uliotokana na mlima wenyewe, zamani ulipokuwa ukitoa moto. Udongo huo hustawisha kahawa, na juu zaidi chai. Lakini humo humo wamo mchwa, na tangu mtu alipoanza kusimamisha nguzo katika nchi ile amekuwa akishindana nao. Habari za mashindano hayo hazipati nafasi kubwa katika vitabu vya historia, ambavyo hupenda zaidi vita na mikataba. Hata hivyo, atakayeuliza nyumba za Kirinyaga zilijengwa kwa miti gani, na kwa nini miti hiyo ilibadilika, ataona kwamba anauliza pia ni nani aliyekuwa mwenye msitu.

Kwanza yafaa tumfahamu adui. Mchwa mfanyakazi ni mdudu mweupe, laini, asiyeona. Jua na hewa kavu humwua upesi, na kwa sababu hiyo haendi peupe. Hujenga vijia vya udongo uliochanganywa na mate, akapita ndani yake toka ardhini mpaka kwenye mti, akaula kwa ndani na kuacha ganda la juu. Mwenye nyumba huiona nguzo yake nzima, mpaka siku atakapoiegemea. Wanyama wengi hawawezi kumeng'enya mbao. Mchwa waweza, maana husaidiwa na viumbe vidogo mno vilivyomo tumboni mwao. Tena zile aina zijengazo vichuguu vikubwa hulima kuvu ndani ya kichuguu, na kuvu huyo huwalainishia chakula. Kwa hakika ni wakulima, na shamba lao ni la kale kuliko letu.

Si miti yote iliwayo kwa urahisi. Mwerezi wa Afrika Mashariki, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, una mafuta yenye harufu kali katika kiini chake chekundu, na mchwa huyakimbia. Muthaiti nao ni mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, wala hauozi upesi. Mutarakwa humea zaidi upande mkavu wa mlima, kuelekea Nyeri na Nanyuki. Muthaiti hupenda mvua, ndiyo maana ulijaa katika misitu ya kusini na mashariki, juu ya Kerugoya na Embu. Lakini fundi asiyejua kazi aweza kudanganyika hata akipewa mutarakwa. Kinga imo katika kiini tu. Tabaka jeupe la nje huliwa kama mti mwingine wowote, na mti mchanga karibu wote ni tabaka hilo. Nguzo ya kudumu hutoka katika mti mzee, na mti mzee wataka miaka mingi sana.

Elimu ya kuchagua mti usioliwa haikuwa ya watu wa mlimani pekee. Kule pwani, boriti za mikoko kutoka Lamu na mlango wa mto Rufiji zilisifiwa kwa ugumu wake mbele ya wadudu, na kwa karne nyingi majahazi yalizichukua mpaka Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti. Upana wa vyumba vya nyumba za kale huko, kama ulivyo upana wa vyumba vya Lamu yenyewe, ulipimwa kwa urefu wa boriti. Biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipokataza kuzipeleka nje mnamo mwaka wa 1982.

Turudi mlimani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, Jomo Kenyatta alieleza kwamba nyumba ya Mkikuyu ilipasa kujengwa na kuingiwa kwa siku moja. Vifaa vilitayarishwa mapema, kisha majirani wakakusanyika, wanaume wakichimbia nguzo na kufunga fito, wanawake wakileta majani ya kuezeka. Nyumba iliyoweza kusimamishwa hivyo iliweza pia kuachwa bila majuto makubwa. Mchwa walipoimaliza, au familia ilipohama, ilijengwa nyingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye siri ya amani ya zamani baina ya mtu na mchwa: si kwamba watu wa kale walikuwa na dawa tusiyoijua, bali hawakuidai nyumba idumu kuliko mahitaji yao, na msitu ulikuwa karibu.

Wageni kutoka Ulaya walikuja na matumaini mengine. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwa Viktoria mwaka wa 1901 iliwekewa mataruma ya chuma, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya mchwa. Nyumba nyingi za kwanza za Nairobi zilikuwa za mabati. Bati lenye mikunjo lilikuwa limebuniwa London mwaka wa 1829 na Henry Robinson Palmer. Ni jepesi kusafirishwa, na halina kitu ambacho mchwa aweza kula. Lakini mapau yaliyolishika bati yalikuwa ya mti, na wengi walijifunza kwamba paa la chuma juu ya nguzo laini haliokoi nyumba. Ndipo wakaanza kuinua nyumba juu ya vinguzo vya mawe, na juu ya kila kimoja wakaweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini. Kipande hicho hakimwui mchwa. Humlazimisha kujenga kijia chake upande wa nje, mahali ambapo mwenye nyumba atakiona na kukibomoa.

Wakati huo huo msitu ulikuwa ukifungwa. Idara ya Misitu iliundwa mwaka wa 1902, na kidogo kidogo miti ambayo wazee waliikata kwa desturi ikawa mali ya serikali, isiyoguswa bila kibali. Wenye viwanda vya mbao walipata vibali. Mutarakwa wa Kenya ukapasuliwa vipande vidogo, ukapelekwa ng'ambo kutengenezwa kalamu za risasi; mti ambao ungeshika nyumba kizazi kizima ukaishia mikononi mwa makarani. Mwanakijiji akabaki na muwati, mti wa Australia uliopandwa kwa ajili ya maganda yake. Muwati hukua upesi, lakini ukichimbiwa ardhini bila dawa, huliwa upesi vile vile.

Mambo yalizidi kuwa mazito katika miaka ya Hali ya Hatari. Mwanzoni mwa mwaka wa 1953 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa eneo lililokatazwa kabisa. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki lenye urefu wa maili 50 hivi kandokando ya msitu, likatiwa vijiti vya mianzi vilivyochongoka, ili wapiganaji walio msituni wasipate chakula. Tangu Juni 1954 zaidi ya watu milioni moja katika nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Ndia na Gichugu, nchi ambazo ndizo Kirinyaga ya leo, hazikusazwa. Watu walijenga kwa haraka, chini ya ulinzi, kwa miti na udongo uliopatikana. Na miti bora ilikuwa ng'ambo ya handaki.

Mwaka huo huo wa 1954 ulitolewa Mpango wa Swynnerton, ambao uliyakusanya mashamba yaliyotawanyika na kumpa mkulima hati ya ardhi. Mwenye hati hahami. Nyumba yake sasa ilitakiwa kusimama mahali pamoja maisha yake yote, na ya mwanawe pia, na kwa mara ya kwanza mchwa wakawa hasara ya fedha. Mwaka huo pia kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji. Kahawa ilipoanza kuleta faida, mkulima wa Kerugoya aliyeweza kununua mawe na saruji alifanya hivyo. Asiyeweza alinunua sumu. Dieldrini na dawa za jamii yake zilimwagwa katika misingi ya nyumba duniani kote, nazo zilifanya kazi vizuri mno: hazikuoza, zikabaki udongoni miaka mingi, zikaingia katika miili ya ndege na ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka wa 2001 uliziorodhesha miongoni mwa sumu za kuondolewa duniani.

Uhuru haukuufungua msitu kwa shoka, na pengine ni heri. Mwaka wa 1986 Rais alipiga marufuku ukataji wa miti ya asili, ingawa wezi wa muthaiti waliendelea, na uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka wa 1999 ulionyesha uharibifu mkubwa ndani ya msitu wa mlima. Siku hizi nguzo nyingi zinazouzwa ni za mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani kwa mashine za kushindilia, na mapau mengi ni ya mgrevilea, ambao wakulima huuita mukima. Nguzo za zamani za mutarakwa bado zina thamani. Uzio wa kale ukibomolewa hazitupwi kuni. Huchimbuliwa, hukatwa sehemu iliyoharibika, zikachimbiwa tena katika shamba jingine.