Tundu la Pili: Muziki wa Kale na Vyombo vya Kubeba Sauti katika Nyika ya Singida

Singida iko katikati ya Tanzania, katika uwanda mkavu wenye upepo na mawe makubwa, mbali na bahari kwa safari ya karibu kilomita 700 za barabara. Muziki unaopendwa pwani haukufika huko kwa mguu wa mwimbaji. Ulibebwa ndani ya chombo, na kwa hiyo historia ya usikivu katika nyika ile ni historia ya kuchagua chombo. Swali la kwanza la mteuzi halikuwa uzuri wa sauti. Lilikuwa: kitu hiki kinakula nini?

Gramafoni ya begi ilikula nguvu za mkono. Kamani yake ilivutwa kwa kuzungusha mpini, na sahani ikaimba bila waya wala betri. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa, nyimbo zake ziliingia katika santuri ambazo upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu. Utungo uliozoea kunyooshwa usiku kucha ukalazimika kukatwa. Hivyo tangu mwanzo chombo kilichobebeka kilimtoza mshairi ushuru: kilimpeleka mbali, kikamnyang'anya beti.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni na Itigi, na kuzifanya stesheni hizo milango ya mkoa. Lakini santuri ni kitu kizito, chenye kuvunjika, na sindano yake ya chuma huisha upesi. Redio ndiyo iliyokuwa nyepesi kwa masafa, maana sauti yenyewe haikuhitaji behewa. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ilitolewa redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyouzwa pauni tano kwa ajili ya watu wa vijijini wasio na umeme. Mwaka 1951 Dar es Salaam na Unguja zilianza kurusha matangazo. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, iliingia katika redio za mkononi kuanzia 1954, na mzigo wa betri ukapungua hadi mawe machache ya kutia mfukoni.

Kwa msikilizaji wa bara, chaguo lilikuwa wazi: redio yenye masafa mafupi. Mawimbi hayo hupanda angani, hugonga tabaka la juu na kurejea ardhini mamia ya kilomita mbele. Yana bei yake. Sauti huja na kuondoka kama maji ya kujaa na kupwa, na neno la mwisho la mshororo, lile lenye kina, aghalabu ndilo huzama. Mawe yalipochoka yalianikwa juani ili yatoe pumzi kidogo zaidi.

Hata hivyo redio ile haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi na kuvijadili. Masikio yalikuwa mengi na redio ilikuwa moja. Sifa iliyotakiwa ni spika yenye kifua. Aliyekosa neno alilipata kwa jirani.

Kaseti, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963, ilimpa msikilizaji uwezo ambao redio haikuwa nao: kurudia. Ubeti usioeleweka ulirudishwa nyuma, na mwenye kubania mawe aliuzungusha ukanda kwa kalamu. Mwaka 1979 ikaja Walkman ya Sony na hedifoni zake, na sauti ikahama kutoka baraza kwenda ndani ya kichwa.

Hapo pana faida ambayo mpenda mashairi hawezi kuibeza. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Nyuzi nene za udi hufifia. Hedifoni, kwa kuwa karibu na sikio, huhitaji hewa kidogo tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ilimba ya Wagogo, ambao makazi yao yanaingia Manyoni: tundu la ubao wake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti ivume. Anayemsikia marehemu Hukwe Zawose kwa spika dhaifu hupata noti na kuukosa uvumi, na uvumi huo ni sehemu ya utunzi, si kasoro. Kwa upepo wa Singida, hedifoni zilizofunikwa nyuma hufaa kuliko zilizo wazi, ingawa si barabarani, ambako sikio lina kazi nyingine. Na hedifoni bora haiwezi kurudisha kilichokwisha kukatwa: wimbo uliobanwa mno ili uenee katika kadi ndogo hupoteza kwanza vile vitu vyembamba, yaani pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa fidla.

Lakini kuna kingine kinachopotea, na hakipimwi kwa fundi. Taarabu ni sanaa ya mafumbo, na fumbo hutaka watu wawili: mmoja acheke, mwingine aulize kwa nini. Wenye kuiunda Walkman walilihisi jambo hilo. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, aliona kuwa kusikiliza peke yako mbele ya mwenzio ni utovu wa adabu, na kwa hiyo chombo cha kwanza kilitobolewa matundu mawili ya hedifoni. Baadaye tundu la pili liliondolewa, kwa sababu watu walitaka kila mmoja chake.

Anayechagua chombo leo, awe Manyoni au Mkunazini, hupima betri, uzito na usafi wa sauti. Kipimo cha nne ni kile cha kikundi cha 1973: je, baada ya kusikia, kuna wa kumuuliza maana ya neno?