Hukwe Zawose, Mtunzi na Mwalimu wa Bagamoyo

Kiswahili kina neno moja, mtunzi, kwa mtu aandikaye kitabu na kwa mtu aundaye wimbo. Asili ya neno hilo ni kazi ya mkono: watu hutunga shanga katika uzi, na wavuvi wa Mbegani na Kaole hutunga samaki katika ukindu. Mwenye kutunga ni mwenye kushikamanisha vitu vilivyokuwa mbalimbali ili visipotee. Kwa kipimo hicho Hukwe Ubi Zawose, aliyefariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, ana haki ya jina la mtunzi sawa na mwandishi ye yote wa nchi hii, ingawa kazi yake haikukaa katika kurasa.

Aghalabu habari zake husimuliwa kama habari za mwimbaji aliyepata sifa katika Ulaya. Sifa hizo alizipata kweli, lakini masimulizi ya namna hiyo huanzia mwisho. Sehemu iliyo ngumu zaidi katika maisha yake ni ualimu wake: alitakiwa kuifundisha katika chuo cha serikali sanaa ambayo sauti zake, majira yake na mahali pake havikuwa vimefanywa kwa ajili ya darasa.

Alizaliwa Doduma, katika nchi ya Wagogo, mwishoni mwa miaka ya 1930. Baba yake alikuwa mfugaji na mpigaji wa ala za muziki, na mtoto alijifunza kama wajifunzavyo watoto wa wafugaji, yaani machungani, nyuma ya ng'ombe, siku ikiwa ndefu na hakuna wa kumkataza mtu kurudia wimbo mmoja mara mia. Ugogo ni nchi kavu. Mvua ikija kuna ngoma yake, mavuno yana yake, na jando lina yake. Wanawake nao wana ngoma zao, muheme, ambazo huzibana kwa mapaja na kuzipiga kwa mikono. Hapana mtu huko aliyehitaji kuambiwa kwamba muziki ni somo.

Yafaa kukaa kidogo juu ya sauti zenyewe, maana pasipo kuzifahamu haifahamiki taabu iliyomngojea Zawose pwani. Uzi uliotegwa, ukiguswa kidogo mahali mbalimbali bila kukandamizwa, hutoa mfuatano wa sauti za asili, moja juu ya nyingine, na wataalamu wa muziki huzihesabu kwa namba. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya tisa katika mfuatano huo. Sauti ya saba ndiyo yenye ugomvi. Piano haina ufunguo wake, wala gitaa halina mahali pa kuishika; iko chini kidogo ya pale mwalimu wa kwaya anapoitarajia, na mwalimu asiyeijua humwambia mwimbaji kuwa amekosea. Kumbe mwimbaji hakukosea. Anafuata sheria nyingine, nayo ni sheria ya uzi wenyewe. Kwa sauti hizo tano Wagogo huimba wengi pamoja, kila mmoja katika njia yake, na njia hizo hukubaliana.

Ala zao mbili kubwa ni zeze na marimba. Zeze ni kibuyu chenye mti na nyuzi, husuguliwa kwa upinde. Marimba ya Wagogo, wanayoiita ilimba, ni kisanduku cha mti chenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Katika tundu zake hubandikwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke pamoja na mvumo. Mgeni husikia mvumo huo akadhani ala imeharibika.

Ugogo na Bagamoyo zilijuana tangu zamani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo ikienda na kurudi, ikalipa hongo kwa watemi ili ipewe maji na ruhusa ya kupita, na mwisho wa safari yake palikuwa Bagamoyo, ambako wapagazi walitua mizigo. Zawose naye aliishia Bagamoyo, ingawa safari yake ilipitia Dar es Salaam, na iliamriwa na mambo ya siasa.

Mnamo Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwalaumu wasomi, akiwamo yeye mwenyewe, waliofundishwa kucheza dansi za Wazungu na kuzionea fahari, ilhali ngoma za kwao hata majina yake wengine hawakuyajua. Lawama hiyo ilikuwa na mahali pake. Mijini wakati huo neno jazz lilikuwa limekwisha kuwa neno la Kiswahili, nalo halikuwa na maana ile ya New Orleans. Lilikuwa jina la bendi yo yote ya dansi yenye magitaa na matarumbeta. Palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz, na mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Bendi hizo zilipiga rumba iliyotoka Kuba ikapitia Kongo, zikaimba Kiswahili kizuri sana, na si haki kuzidharau. Tungo za Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah zimeishi kuliko hotuba nyingi. Lakini mwimbaji wa jazz alihesabiwa mtu wa mjini, na mpiga zeze alihesabiwa mtu wa shamba.

Serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma ili kumleta mtu wa shamba jukwaani. Katika miaka ya 1960 Zawose aliitwa na Nyerere mwenyewe, akahamia Dar es Salaam kuwa msanii wa taifa. Hapo mfugaji akawa mtumishi wa serikali. Ngoma ambayo kijijini ilichukua usiku kucha ilipunguzwa ikawa ya dakika chache. Ngoma ya mvua ilichezwa kiwanja cha ndege kumpokea mgeni, iwe masika au kiangazi. Mistari ya nyimbo ilijaa sifa za chama na viongozi. Wasomi wa sanaa za maonyesho wamelishutumu jambo hili, na kwa sehemu kubwa wamesema kweli. Hata hivyo shutuma hiyo humfanya msanii kuwa kama chombo tu mkononi mwa mwingine, na Zawose hakuwa chombo. Wimbo wa kuisifu nchi, akiuimba yeye, ulikwenda kwa sauti ya saba ile ile ya machungani. Serikali iliagiza maneno. Sauti haikuwa na uwezo wa kuiagiza, kwa kuwa haikuijua.

Kikundi cha taifa kilipovunjwa, mahali pake pakaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka 1981, na Zawose akawa mmoja wa walimu wake. Chuo kilikaa karibu na bahari, upande wa njia ya kwenda Kaole. Mbele zaidi, Mbegani, kulikuwa na chuo cha uvuvi. Ujirani huo unastahili kuzingatiwa. Katika pwani moja maarifa mawili ambayo tangu kale yalitoka kwa baba kwenda kwa mwana, moja ndani ya ngalawa na jingine nyuma ya ng'ombe, yaliwekwa katika ratiba, mitihani na vyeti. Mvuvi apewaye cheti anaweza bado kuonyesha samaki. Mwanafunzi wa zeze ataonyesha nini?

Marimba ya Kigogo haiandikiki kwa urahisi katika nota, maana nota zenyewe zimefanywa kwa kipimo cha piano. Mwanafunzi hana budi kutazama vidole na kusikiliza, kisha kurudia. Tena wanafunzi wa chuo walitoka pande zote za nchi: Msukuma, Mmakonde na Mzaramo walikaa mbele ya muziki ambao mababu zao hawakuupata kuusikia. Wako watakaosema hapo ndipo sanaa ilipokatwa mizizi. Neno hilo lina uzito. Wimbo wa mvua unaofundishwa saa nne asubuhi si wimbo wa mvua tena. Lakini kama ungengoja mtoto wa mfugaji machungani peke yake, katika zama ambazo watoto wamekwenda shule na vijana wamekwenda mjini, ungengoja sana. Kwa kumfundisha asiye Mgogo, Zawose alipoteza kitu na kuokoa kitu, na hesabu ya viwili hivyo haijafungwa hata leo.

Wanaomwita mhifadhi wa mila humpunguzia heshima. Mhifadhi hukiacha kitu kama alivyokikuta. Zawose aliongeza nyuzi za zeze, ambalo kwa kawaida huwa na nyuzi mbili, akaunda marimba makubwa kupita kiasi kilichozoewa, yenye makumi ya vyuma, apate kushuka na kupanda mbali zaidi. Sauti yake mwenyewe aliifanya vivyo hivyo: ilishuka hadi kuwa mngurumo, ikapanda hadi wembamba wa sauti ya mtoto, na katikati aliweza kutoa kooni mluzi wa juu pamoja na mvumo wa chini. Jukwaa lilidai ukubwa, naye akaupata ndani ya sheria ya uzi ule ule.

Ng'ambo alisikiwa upesi. Santuri ya Tanzania Yetu, aliyoimba na wenzake, ilitolewa Uingereza mwaka 1985. Alikwenda Japani na nchi nyingi za Ulaya, akaimba katika matamasha ya WOMAD. Chibite ilitolewa na Real World mwaka 1996, na Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, ilitoka mwaka 2002. Kazi hii ya mwisho, iliyochanganya zeze na magitaa ya umeme na mitambo, yaweza kubishaniwa: pengine mitambo hufunika mvumo wa buibui badala ya kuuinua. Mwaka huo huo yeye na mpwa wake Charles walifuatana na Peter Gabriel katika ziara ya Marekani, wakaimba mbele ya maelfu. Jambo la kusikitisha ni kwamba kazi zake nyingi zilichapishwa mbali, ziuzwe kwa watu wa mbali. Kijana wa Dodoma alizipata kwa shida kuliko kijana wa London.

Hukwe alipofariki, Charles hakukawia kumfuata. Alikufa mwaka 2004. Chuo chenyewe kiligeuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Watu wa nyumba yake walibaki mjini hapo na ala zao. Mwanawe Msafiri alitoa santuri ya Uhamiaji mwaka 2017, akiuchukua muziki wa baba kwenye vyombo vya kisasa.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilitoka upande ambao haukutazamwa. Katika kikundi cha Zawose wanaume ndio walioongoza, na wanawake waliitikia, wakacheza, wakapiga muheme. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa santuri yao ya Maisha. Humo wanawake ndio wanaoanzisha wimbo, na zeze na marimba vimo mikononi mwao.