Kutoka Abezi hadi Akina Mwezi: Historia ya Wingi wa Majina ya Koo katika Ukanda wa Kabanga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majina ya watu binafsi yalivyogeuzwa kuwa majina ya koo katika ukanda wa Kabanga, wilayani Ngara, na maeneo jirani. Yanabainisha kuwa lugha za ukanda huo hutofautisha wingi wa ukoo na wingi wa uambatani. Kiswahili kinaweza kuihifadhi tofauti hiyo kwa kiambishi wa- na neno akina, lakini tofauti hupotea maumbo hayo yanapotumiwa bila kuzingatia historia ya jina lenyewe.

1. Utangulizi

Kanuni ya Kiingereza kuhusu wingi wa majina ya familia ni fupi. Jones huwa Joneses na Kennedy huwa Kennedys, bila kubadili herufi za jina lenyewe na bila alama ya kudondosha. Ufupi huo hutokana na historia. Kanuni huchukulia kwamba baba, watoto na wajukuu wana jina moja la kurithi, desturi iliyoenea Uingereza hatua kwa hatua katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa 1066. Kwingineko desturi hiyo ililetwa na dola: Uturuki iliwalazimisha raia wake kuchukua majina ya familia kwa sheria ya 1934. Swali la makala haya ni hili: wingi wa jina la familia huundwaje pale ambapo familia haina jina moja?

2. Ukoo usioandikwa katika jina

Kabanga ipo mpakani mwa Tanzania na Burundi, mkabala na Kobero. Ni sehemu ya Bugufi, nchi ya Wahangaza, iliyobaki upande wa Tanganyika baada ya Waingereza na Wabelgiji kugawana Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mpaka huo ulikata eneo la lugha zinazokaribiana sana. Katika uainishaji wa Guthrie, Kirundi (D62), Kishubi (D64) na Kihangaza (D65) vimo katika kundi moja.

Katika mila ya majina ya eneo hili pana, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, mara nyingi lenye umbo la sentensi. Habimana, kwa mfano, humaanisha kuwa Mungu yupo. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kwa silabi moja. Ukoo hujulikana na huheshimiwa, lakini haubebwi na jina la mtu. Kwa hiyo hakuna jina la familia linalosubiri kutiwa wingi. Kinyume chake, ni wingi wenyewe unaoliunda jina la ukoo.

3. Wingi unaozaa ukoo

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika ufalme wa Burundi. Wafalme wake walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wazao wa kila mfalme waliitwa kwa wingi wa jina lake: Abatare, Abezi, Abataga na Abambutsa. Katika kila umbo, kiambishi cha umoja kimeondolewa na nafasi yake kushikwa na ba-, kiambishi cha ngeli ya watu, kikitanguliwa na irabu a-. Jambo la kuzingatia ni kuwa ntare ni simba na mwezi ni mwezi wa angani, lakini wingi haukufuata ngeli ya mnyama wala ya mwezi. Umefuata utu wa mwenye jina.

Magharibi mwa Ziwa Viktoria, kanuni hiyohiyo ilizaa Abahinda, wazao wa Ruhinda, waliotawala Karagwe, na pia Usui, nchi inayoangukia Biharamulo ya leo. Speke alipopita huko mwaka 1861 alikuta watawala wawili, Suwarora wa Usui na Rumanika wa Karagwe, wenye majina tofauti kabisa ilhali wote ni wa nasaba ya Ruhinda. Jina la ukoo lilionekana katika wingi tu.

Sambamba na wingi huo, Kirundi na Kinyarwanda vina wingi mwingine, ambapo ba huwekwa mbele ya jina zima bila kulimega. Ba Mwezi ni Mwezi na walio pamoja naye, wawe ndugu, marafiki au watumishi. Abezi ni wazao wa Mwezi, hata wale waliozaliwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Umbo la kwanza huonyesha uambatani, la pili huonyesha nasaba.

4. Kiswahili na majina yaliyopokewa

Kiswahili kina zana mbili zinazolingana na hizo. Akina Juma ni Juma na wenzake au watu wa nyumbani kwake. Wa- huunda jina la jamii au ukoo. Pwani, Wamazrui wa Mombasa na Wanabahani wa Pate wamepewa wa- juu ya jina zima, kwa kuwa majina hayo ya Kiarabu hayana kiambishi cha Kibantu cha kuondolewa. Abahinda, kwa upande wao, wamekuwa Wahinda kwa kubadilishana ba- na wa-, viambishi vyenye asili moja.

Ugumu hujitokeza katika Abezi. Ba- ikibadilishwa kuwa wa-, muungano wa wa- na -ezi hutoa wezi, na nasaba ya kifalme hugeuka kundi la wahalifu. Wabezi huepusha aibu hiyo, lakini hurundika viambishi viwili vya wingi katika neno moja. Akina Mwezi nalo ni umbo sahihi kisarufi, ila halisemi jambo lilelile.

Uzito wa suala hili ni wa kihistoria, si wa tahajia pekee. Mashindano ya Bezi na Batare yalikuwa miongoni mwa nguvu zilizounda siasa za Burundi kuelekea uhuru. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961, alikuwa Mwezi kwa nasaba, yaani mmoja wa Bezi, wakati jina lake halikuwa na dalili yoyote ya ukoo huo. Mwandishi akiandika "akina Rwagasore", msomaji ataelewa wafuasi wake wa kisiasa, ambao walitoka katika koo na makabila mbalimbali. Akiandika "akina Mwezi", msomaji ataelewa mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki 1908, na watu wa baraza lake. Katika hali zote mbili ukoo wenyewe umepotea.

5. Jina la tatu

Utaratibu wa majina matatu uliozoeleka Tanzania, yaani la mtu, la baba na la babu, umeleta hali mpya. Jina la tatu huitwa la ukoo, lakini likifuatwa kwa uaminifu hubadilika kila kizazi. Hugeuka jina la ukoo pale tu familia inapoamua kulisimamisha. Mfano unaofahamika ni Nyerere. Hilo lilikuwa jina la Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Mwanawe Kambarage, aliyebatizwa Julius, alilitumia kama jina la baba, kisha watoto wa Julius wakaendelea nalo. "Akina Nyerere" ya 1930 na "akina Nyerere" ya leo kwa hiyo si wingi mmoja: ya kwanza inamzunguka mtu aliye hai, ya pili inataja familia yenye jina la kurithi.

Kwa mkazi wa Kabanga mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, tofauti hii inagusa maisha. Upande mmoja jina la babu husimama mwishoni. Upande wa pili ndugu yake ana jina lake pekee na la ubatizo. Karatasi zao zikiwekwa mezani, hakuna herufi inayothibitisha undugu ambao kila jirani anaujua. Karani anayechukulia kuwa familia ni watu wenye jina moja la mwisho anatumia, bila kujua, kanuni ya akina Jones.

6. Hitimisho

Mjadala huu unaelekeza kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, akina itumike kwa mtu na walio pamoja naye, na kwa familia ambayo tayari ina jina la kurithi. Pili, wa- itumike kwa koo ambazo maumbo yake yameshazoeleka, kama Wahinda na Wamazrui. Tatu, pale ubadilishaji wa kiambishi unapozaa utata, umbo la asili libakishwe kwa upatanisho wa watu: Bezi walitawala, Batare walipinga. Kanuni ya kisarufi isiyouliza kwanza jina limetoka wapi inaweza kutoa neno lisilo na kosa na historia isiyo ya kweli.