Kanisa la Kijijini Si la Wazungu, ni la Susu Wako

Wasee, hebu tuongee ukweli. Kila mtu akipita Makindu anasimama kwa hekalu la Masingasinga, anakula chapati na dengu za bure, anapiga picha, anapost. Hekalu hilo ni la 1926 na stori yake watu wanaijua: lilianzishwa na Masingasinga waliokuja kujenga reli. Poa sana. Lakini mbona makanisa ya zamani ya Makueni na Kitui hakuna anayeyasimulia?

Mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo na sina digrii ya kuwaringia. Lakini tarehe hazikuulizi cheti.

1891, Waskoti wanafungua misheni Kibwezi. Mwaka huohuo Walutheri Wajerumani wanafika Ikutha, kusini mwa Kitui. Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission wanapiga kambi Nzaui. Mwaka mmoja baadaye Scott ameshakufa kwa homa. Kibwezi nako malaria iliwatesa Waskoti mpaka 1898 wakahamia Kikuyu. Kwa hivyo ukisikia mtu akijivunia Thogoto na PCEA, mwambie stori ilianzia kwetu, pale kwa mbu.

Halafu njaa. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilileta ukame ambao Wakamba waliuita Ngomanisye. Katikati ya shida hiyo, 1899, Wajerumani walifungua Mulango, karibu na mji wa Kitui. 1914 vita vikaanza, Mjerumani akawa adui wa Mwingereza, na misheni zake zikaishia mikononi mwa Africa Inland Mission. Ndio maana Mulango, iliyoanzishwa na Walutheri, leo ni AIC. Vita vya Ulaya ndivyo vilivyoamua susu wako aimbe kwa kitabu gani.

Sasa tuje kwa jengo lenyewe, maana hapo ndipo utamu uko. Nyumba ya Mkamba wa zamani ilikuwa duara, paa la nyasi likishuka chini karibu na ardhi. Kanisa lilikuja na kona. Jengo refu, watu wamepangwa kwa mistari, wote wanaangalia mbele, mmoja anaongea. Ukifikiria vizuri, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko mahubiri. Kwa moto wa jioni mlikaa mkitazamana. Kwa kanisa unatazama kisogo cha jirani.

Na mikono iliyojenga ilikuwa ya nani? Mzungu alikuwa mmoja au wawili. Udongo, nyasi, miti, baadaye matofali ya kuchoma na mabati, havikujibeba. Sisi Wakamba tuna mwethya: kijiji kinakusanyika, kinafanya kazi ya mtu mmoja au ya wote, bila mshahara. Mwethya ndio uliochimba matuta yanayozuia mmomonyoko kwenye milima yetu. Makanisa mengi na shule nyingi za vijijini zilijengwa kwa roho hiyohiyo. Kina mama walibeba maji na mchanga kutoka mtoni kwa mgongo, kamba ikipita kwa paji la uso. Hii ilikuwa kitambo kabla malori hayajaanza kuhamishia mito yetu Nairobi.

Ndio maana huwa nakataa ile hoja ya kusema, "Hayo ni majengo ya mkoloni, yabomolewe tu." Buda, misheni ilikuja na mkoloni, hilo sikatai. Lakini Wakamba hawakukaa kimya. 1945 wengine walijitoa wakaanzisha African Brotherhood Church, kanisa lao wenyewe, bila bosi mzungu. Ukuta unaweza kuwa wa misheni kwa karatasi na wa kijiji kwa jasho.

Shida ya leo si mkoloni. Ni harambee. Kanisa jipya linataka vioo, taili na paa la rangi, na lile la zamani linaonekana aibu. Linabomolewa wiki moja, matofali yanaenda kujenga choo. Sisemi watu wasijenge. Watoto wameongezeka, na mabati yaliyooza hayazuii mvua. Nasema jengeni kando. La zamani liwe maktaba, darasa la chekechea, hata stoo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo lenye historia kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali lilindwe. Lakini hakuna atakayelitangaza kama hata sisi hatujui lilijengwa lini.

Kwa hivyo Desemba hii ukienda ocha, acha kupiga picha za mbuzi pekee. Tafuta jiwe la msingi, soma mwaka. Pima ukuta kwa hatua. Halafu kaa na susu, rekodi sauti, muulize swali moja tu: nani alibeba maji?