Miaka 39 ya Cranes

Machi 1978 Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Afrika kule Accra. Ilikuwa imeitoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali, halafu Ghana ikaifunga 2-0. Phillip Omondi alikuwa kati ya wafungaji bora. Baada ya hapo kimya, hadi 2017.

Wengi husema ni vita, ni pesa. Sawa, vimo. Lakini miaka hiyohiyo Cranes walikuwa wanabeba Kombe la CECAFA kuliko nchi nyingine yoyote. Ukizoea kumpiga jirani, unaona hiyo inatosha. Oktoba 2011, pale Namboole, walihitaji kuifunga Kenya tu, jirani yuleyule, waende Afcon. Ikaisha 0-0.

Septemba 2016, uwanja uleule, Farouk Miya akaifunga Comoro na wakafuzu. Golini alikuwa Denis Onyango, ambaye mwaka huohuo alibeba Klabu Bingwa Afrika na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Huyo hakujipima na CECAFA.

Juni 2019, Cairo, wakakutana na Kongo yetu. Vijana wa kikundi changu walicheka: eti Uganda itatufunga wapi? Kaddu akafunga, Okwi akaongeza, 2-0. Wakongo wa Kampala tulirudi nyumbani bila kuongea. Kumbe sisi nasi tulikuwa bado tunakula makombe ya 1968 na 1974, na hakuna hata mmoja kati ya vijana wale aliyekuwa amezaliwa.