Mpira Usioingia Kwenye Koki

Mtaa wa Redwood, katikati ya Baltimore, mwaka 1904 uliitwa German Street. Jina lilikuja kufutwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani walipoona haya kupita kila siku kwenye mtaa wenye jina la adui. Upande wa magharibi, karibu na ulipo leo ukumbi mkubwa wa michezo na matamasha, palikuwa na jengo la kampuni ya John E. Hurst, iliyouza vitambaa na bidhaa nyingine kwa jumla. Humo ndimo ulimoanzia moto mkubwa wa Baltimore, Jumapili ya tarehe 7 Februari, saa tano asubuhi ikikaribia.

Niliifuata njia ya moto ule kwa miguu, kuelekea mashariki hadi kwenye kijito cha Jones Falls. Ni mwendo wa nusu saa, pamoja na kusimama kushangaa maghorofa. Moto wenyewe uliutembea kwa zaidi ya saa 30, na ulipofika mwisho majengo yapatayo 1,500 yalikuwa yamekwisha.

Kilichonipeleka huko si Baltimore, ni swali la nyumbani. Kitengela iko Kaunti ya Kajiado. Athi River, jirani yake kabisa, iko Machakos. Hatua chache mbele unaingia Nairobi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hiyo miji ambayo mgeni hawezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi iko chini ya wakubwa tofauti wa zimamoto. Je, vikosi vyao viungane? Swali hili nimelisikia mara nyingi, na karibu kila mara hujibiwa kwa hesabu za bajeti. Mimi nilitaka kuona majirani walipokimbilia kusaidiana siku ya siku, ilikuwaje.

Siku ile Baltimore iliona mapema kwamba mambo yameizidi. Simu za maandishi zikapelekwa Washington, umbali wa kilomita zipatazo 60. Mashine za mvuke za kuvuta maji zikapakiwa kwenye treni pamoja na watu wake, na siku hiyohiyo zikafika. Hebu fikiria furaha ya watu wa Baltimore walipoziona zikiteremshwa stesheni. Askari wa Washington wakakimbilia koki za barabarani, wakatoa mipira yao, wakazungusha, wakazungusha tena. Haikuingia.

Tatizo lilikuwa nyuzi, yale meno ya chuma yanayokazwa kama kifuniko cha chupa. Washington ilikuwa na zake na Baltimore zake, hazikuoana. Vikosi vya Philadelphia, Wilmington na New York navyo vilifika vikakuta hayohayo. Wengine walifunga viungio kwa turubai ili maji yasivuje sana, lakini maji yenye nguvu hayafungwi kwa kitambaa. Marekani nzima wakati huo ilikuwa na mamia ya aina za viungio, kwa sababu kila mji ulinunua mitambo kwa mfanyabiashara wake, na mfanyabiashara hakuwa na haraka ya kutengeneza mpira unaoingia kwenye koki ya mshindani. 

Wakuu wa mji walijaribu kulipua majengo kwa baruti ili moto ukose pa kurukia. Haikusaidia. Kilichousimamisha kilikuwa Jones Falls. Mashine 37 zilipangwa kando ya kijito kile, za wenyeji na za wageni. Huko hapakuwa na koki ya kubishana nayo. Mpira wa kuvutia maji ni wa mashine yenyewe: unautumbukiza mtoni, unavuta. Nilipofika kwenye kijito chenyewe sikuona cha kupigia picha. Katikati ya mji sehemu yake kubwa imefunikwa, na barabara ya magari yaendayo kasi inapita juu yake.

Meya Robert McLane alishukuru kwa misaada ya fedha iliyoahidiwa na miji mingine, kisha akaikataa. Baltimore ingejijenga yenyewe. Mji ambao siku chache nyuma ulikuwa ukililia mpira wa jirani!

Mwaka 1905 chama cha kitaifa cha kinga ya moto kilipitisha kipimo kimoja cha kiungio: kipenyo cha inchi 2 na nusu, nyuzi 7 na nusu kwa kila inchi. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini kipimo hakikuwa sheria, na kubadilisha maelfu ya koki ni gharama isiyompa diwani kura hata moja. Tarehe 20 Oktoba 1991, milima ya Oakland kule California ilipowaka na watu 25 kufa, vikosi jirani vilivyokuja na mipira ya inchi 2 na nusu vilikuta koki za Oakland ni za inchi 3. Ilikuwa miaka 87 baada ya Baltimore.

Waingereza walijifunza kwa mabomu. Hadi 1941 walikuwa na vikosi vipatavyo 1,600, vingine vya miji midogo tu. Ndege za Ujerumani ziliposhambulia miji kama Plymouth, waliokuja kusaidia walikutana na viungio visivyooana, vyeo visivyolingana, na wakuu wawili wakitoa amri mbili kwenye moto mmoja. Waziri Herbert Morrison akavikusanya vyote, na kufikia Agosti mwaka huohuo nchi ilikuwa na kikosi kimoja cha taifa. Kazi iliyoshindikana kwa miongo ilifanyika kwa miezi.

Morrison aliahidi kuvirudisha vita vikiisha, na mwaka 1948 vikarudi kweli. Ila havikurudi kwa kila kijiji na kila mji mdogo. Vilikabidhiwa kwa kaunti na miji mikubwa, vikawa chini ya 150 badala ya 1,600. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipopiga shabaha: kikosi kikubwa cha kutosha kuwa na chuo, vipuri na mkuu mmoja, lakini si kikubwa hata anayepokea simu asijue mtaa unaoungua.

Maana walipozidisha, walijikwaa. Mwaka 2004 England ilianza mpango wa kufunga vyumba 46 vya kupokea simu za zimamoto na kujenga vituo tisa vya kanda. Mwaka 2010 mpango ukafutwa, mitambo haikuwahi kufanya kazi ilivyotakiwa, na wakaguzi wa hesabu wakakadiria hasara isiyopungua pauni milioni 469. Majengo mapya yakabaki matupu, kodi ya pango ikiendelea kulipwa.

Tanzania Bara ilichukua njia ya Morrison bila vita. Vikosi vilivyokuwa chini ya halmashauri viliingizwa, kwa sheria ya 2007, katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sare moja, vyeo vya aina moja, namba moja ya simu, 114. Zanzibar ina kikosi chake. Hata hivyo bomba la maji liko kwa mamlaka ya maji ya kila mji. Mwenye mpira ni mmoja na mwenye maji ni mwingine, hata baada ya vikosi kuunganishwa.

Kwa hiyo kama Kitengela na Athi River wangenialika kwenye kikao chao, ningekubali hoja ya kuungana, kwa masharti. Kuhusu nani awe kamanda na ofisi iwe wapi, wangeendelea hadi jioni bila mimi. Ningeomba tu kila upande uje na gari moja, mpira mmoja na ufunguo wa koki, na mtu wa maji naye awepo, tutoke nje tukajaribu kuunga kabla chai haijaletwa.