Selimundu: Badiliko Dogo Ndani ya Protini

Seli nyekundu ya damu ni duara bapa, laini, lililobonyea katikati. Kipenyo chake hakifiki sehemu moja ya mia ya milimita. Imejaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kiungo.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya amino asidi. Kwa mgonjwa wa selimundu, mnyororo wa beta, wenye amino asidi 146, hubadilika mahali pamoja tu: katika nafasi ya 6, asidi ya glutamiki huipisha valini. Oksijeni inapopungua, molekuli hushikana na kuwa nyuzi ngumu. Seli hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali.

Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi nakala moja tu ya jeni ya selimundu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii imeenea pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imekuwa nyingi. Anayerithi nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, huugua.

Kwa hiyo, wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa, mjue kama nyote wawili mna jeni hii.